Pampu Iliyolala Kiangazi Kizima

Ni vyema kwanza nieleze hali ilivyokuwa kabla ya jambo lolote kutokea, kwa sababu bila kuijua hali hiyo msomaji ataona kosa letu kuwa la kijinga, nalo halikuwa la kijinga.

Doha ni mji unaopambana na joto. Karibu kila fundi niliyefanya naye kazi huko alikuwa fundi wa kupoza: viyoyozi, mabomba ya maji baridi, feni za paani. Kupasha nyumba joto lilikuwa jambo la wachache. Hata hivyo majira ya baridi yapo, mafupi lakini ya kweli. Upepo wa jangwani hushuka usiku, na marumaru za sakafuni hukaa na ubaridi hadi adhuhuri. Mwenye magoti mabovu huuhisi ubaridi huo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kiangazi nacho kina desturi ambayo mgeni huicheka hadi aishi huko mwaka mmoja. Matangi ya maji yako paani, juani, na bomba la maji baridi hutoa maji yasiyoshikika kwa mkono. Watu basi huzima hita zote za bafuni. Kwa kuwa hita ziko ndani, penye kiyoyozi, maji yaliyotulia humo hupoa. Hivyo anayetaka maji ya baridi hufungua bomba la moto. Kila mwaka, joto likianza, mtu mmoja katika kila nyumba hupita kwenye ubao wa umeme akashusha swichi zote za hita. Mtu huyo mara nyingi si mwenye nyumba. Ni yule anayefua, anayepika, anayelea wazee.

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti katika karakana ya kampuni, Industrial Area, eneo la viwanda, nikiwa nimeshuka kwenye basi la kampuni pamoja na wenzangu arobaini wa kambi yetu ya wafanyakazi. Nilikuwa nimefundisha ufundi bomba kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha Pwani ya Kenya, na habari hiyo ilifika kabla yangu. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye masharubu yaliyopakwa hina, alinipokea kwa kuniwekea mezani pampu kumi na moja zilizokufa.

"Wanasema wewe mwalimu," akaniambia. "Haya, wapange wanafunzi wako. Nani kafa kwa kiu, nani kafa kwa uchafu, nani kauawa na fundi."

Nilizifungua moja baada ya nyingine. Zilikuwa pampu za mzunguko, yaani zile ndogo ambazo kazi yake si kuyapandisha maji kutoka chini hadi juu bali kuyazungusha maji yaleyale ndani ya bomba lililofungwa. Katika nyingi ya pampu hizi rota, kile kiini kinachozunguka, huoga ndani ya maji yenyewe, na maji hayo ndiyo mafuta yake na ndiyo yanayoipoza. Ikiwashwa bila maji hujisaga. Ikifungwa shafti, yaani mhimili wa rota, ikitazama juu, hewa hukusanyika kwenye beringi na mwisho ni uleule. Shafti ilale, ifuate usawa wa sakafu. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo ubaoni mara nyingi, lakini ni mezani pale nilipoona kwa macho yangu pampu sita kati ya kumi na moja zikiwa zimeuawa na fundi.

Kutoka karakana nilihamishiwa kwenye majengo marefu ya The Pearl, chini ya Msimamizi wa Mitambo ambaye hakuamini chombo chochote cha kupimia isipokuwa kiganja chake. "Shika bomba la kwenda, shika la kurudi," alikuwa akisema. "Ukiungua kote kuwili, maji yanakimbia mno. Ukiungua kumoja tu, mambo yako sawa. Usipoungua popote, nenda ukawaombe radhi wapangaji." Nilijifunza kwake pia kuweka ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha pampu na mpini sikioni, nikasikiliza. Mvumo laini ni afya. Mkwaruzo ni beringi. Mchemko kama wa kokoto ni hewa.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Al Wukair, kwenye nyumba za familia, na hapo ndipo palipo kisa chenyewe.

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Msimamizi wa Zamu, Mkenya mwenzangu kutoka Nakuru, mchapakazi na mwepesi wa ulimi. Juu yake alikuwako Mhandisi Mkuu, Msudani mzee aliyezungumza polepole na kusoma kila karatasi hadi nukta ya mwisho. Kampuni ilikuwa na kanuni isiyoandikwa: ukishapata kipimo cha pampu, chagua inayofuata kwa ukubwa. Kanuni hiyo ilitokana na pampu za kupandisha maji paani, ambako kupungukiwa ni aibu ya papo kwa papo na kuzidisha hakuna anayekuona.

Tuliitwa mwishoni mwa majira ya baridi katika nyumba ya ghorofa mbili. Mwenye nyumba alikuwa amemtengenezea mama yake sakafu ya joto katika vyumba vyake vya chini: mabomba membamba yamelazwa ndani ya zege chini ya marumaru, boila ndogo ya umeme iko paani, na pampu ya mzunguko iko kwenye kabati karibu na chumba cha kufulia. Wafanyakazi wa ndani walimwita mama huyo Mama Kabira, yaani mama mkubwa wa nyumba. Aliyemhudumia alikuwa Kezia, mwanamke wa makamo kutoka Kakamega. Yeye ndiye aliyetufungulia mlango.

"Hii sakafu inapiga filimbi," Kezia alisema. "Mama Kabira anasema kuna mtu chini ya kitanda anaita mbuzi. Mimi nacheka, lakini yeye hacheki."

Filimbi ilikuwa ya kweli. Waliotutangulia walikuwa wamefunga pampu kubwa, yenye nguvu ya kutosha jengo zima, na maji yalikuwa yakijisukuma kwenye vali nyembamba kwa kasi iliyozifanya zilie. Nikashika bomba la kwenda, nikashika la kurudi. Nikaungua kote kuwili. Maji yalirudi yakiwa karibu na moto uleule yaliokwenda nao, maana yake mengi mno yalikuwa yanazungushwa bure.

Nilikaa kwenye ngazi ya chumba cha kufulia nikafanya hesabu. Namna ya kuchagua pampu ya aina hii ni fupi. Kwanza, jua joto linalohitajika. Kwa vyumba vile, vya mita sitini za mraba, lilikuwa kama kilowati tano. Pili, amua maji yapoe kiasi gani kati ya kwenda na kurudi. Nilichukua nyuzi saba. Hayo mawili yanakupa wingi wa maji, na hapa ulikuwa lita kumi kwa dakika, si zaidi ya bomba la jikoni lililofunguliwa vizuri. Tatu, tafuta ukinzani wa kitanzi cha bomba kilicho kirefu kuliko vyote, yaani jinsi bomba lenyewe linavyoyashika maji. Pampu iliyotosha ilikuwa ndogo kuliko zote stoo, ya kielektroniki, inayoenea kiganjani.

"Mwalimu, unacheza," Msimamizi wa Zamu akasema alipoiona kwenye fomu. "Boila iko juu ya paa. Hapa ni floor mbili na paa. Hako kapampu katapandisha maji huko juu na nini, maombi?"

"Hakapandishi, Chief. Kanazungusha. Bomba limejaa na limefungwa. Maji yanayoshuka upande huu yanayavuta yanayopanda upande ule, kama mnyororo wa baiskeli. Urefu wa nyumba hauhesabiwi."

"Mnyororo wa baiskeli." Akamgeukia Kezia. "Dada, umesikia? Tumeletewa baiskeli."

"Mimi nataka tu mbuzi atoke," Kezia akajibu.

Shauri lilifika kwa Mhandisi Mkuu. Alisoma hesabu yangu mara mbili, akavua miwani. "Hesabu ni sahihi," akasema. "Lakini mimi nina wasimamizi wanane na wote wanafunga kubwa, na mteja huyu ameshalalamika mara mbili. Utasaini wewe peke yako. Mkataba wako unakwisha Januari. Majira ya baridi yakirudi na sakafu ile ikawa baridi, mkataba huo hautapita mezani kwangu. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nilisaini.

Niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Shafti usawa wa sakafu, mshale wa mtiririko ukifuata bomba, vali ya kufungia kila upande ili siku moja itolewe bila kumwaga maji ya nyumba nzima, chujio kabla yake. Nilisafisha mabomba hadi maji yakatoka meupe, nikatoa hewa, nikawasha. Filimbi ikakoma. Kisha niliandika maelekezo ya kurasa nne, kwa Kiingereza safi, nikayatia kwenye karatasi ya plastiki na kuyatundika ndani ya mlango wa kabati. Ukurasa wa tatu ulieleza kwamba pampu hii hujizungusha yenyewe kidogo kila siku hata isipohitajika ili rota isigande, na kwa hiyo umeme wake usikatwe kamwe. Nilimpitisha mwenye nyumba katika kila ukurasa. Aliitikia kwa heshima huku akitazama simu. Kezia alisimama mlangoni na sinia ya chai. Nilichukua kikombe, nikamshukuru, nikaondoka.

Joto likaja, likakaa miezi yake. Nilitengeneza viyoyozi kama kila mtu mwingine.

Wiki ya pili ya Desemba upepo uligeuka, na simu ya Al Wukair ikaja asubuhi na mapema. Sakafu ilikuwa baridi. Msimamizi wa Zamu alinisubiri kwenye gari, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameshaweka pampu kubwa, ameifunga hata mkanda.

"Nimemfungia mkanda mgeni wetu," akasema. "Pole, Mwalimu. Si ati nafurahi. Nafurahi kidogo tu."

Njia nzima nilirudia hesabu kichwani nikitafuta kosa, na sikuliona. Hilo lilinitisha zaidi, kwa maana fundi asiyeliona kosa lake hana pa kuanzia.

Mama Kabira tulimkuta kwenye kiti chake, miguu imefungwa shali mbili. Hakutusalimu. Kabatini, taa ya pampu ilikuwa nyekundu. Umeme ulikuwapo. Maji yalikuwapo na geji ya shinikizo ilisoma vyema. Niliweka bisibisi sikioni: kila baada ya muda mfupi mota ilijaribu, ikatoa mguno mmoja, ikaacha. Haikuwa imeshindwa na mzigo. Haikuwa imezunguka hata mara moja. Rota ilikuwa imeganda.

"Imekufa," alisema Msimamizi.

"Imelala. Lakini isingelala kama ingekuwa na umeme." Nikamgeukia Kezia. "Dada Kezia, swichi ya kabati hili, kuna mtu aliizima?"

"Mimi," akasema bila kusita. "Mwezi wa tano. Kila mwaka Mama Kabira ananiambia, joto limeanza, zima mahita yote. Kwa ubao imeandikwa hita ya sakafu. Si ni hita? Juzi baridi ilipokuja nikawasha zote." Akatazama taa nyekundu, kisha mimi. "Mwalimu, ni mimi nimeiharibu?"

Msimamizi alinishika kiwiko na kunivuta hadi kwenye mashine za kufulia. "Imeisha!" akanong'ona. "Umepona. Andika: mtumiaji alikata umeme kinyume na maelekezo. Pampu haina makosa, hesabu haina makosa, mkataba wako unapita. Mimi mwenyewe nitasaini kama shahidi, na ujue nilikuwa nataka ushindwe."

"Na yeye?"

"Yeye atasemwa kidogo."

Sote wawili tulijua hilo si kweli. Mwenye nyumba angepokea karatasi yenye jina la mfanyakazi wake na hasara iliyotokana naye, wakati mama yake anatetemeka. Watu walikuwa wamerudishwa kwa wakala aliyewaleta kwa mambo madogo kuliko hilo.

Nikarudi kabatini. "Dada, hii karatasi iliyotundikwa hapa, umewahi kuisoma?"

"Hiyo? Hiyo ni ya mafundi, Mwalimu. Nilidhani ni waranti. Naipanguza vumbi kila Jumamosi."

Kwa kweli ilikuwa safi sana. Kurasa nne nilizijaza, lugha nzuri, michoro miwili, na mtu pekee katika nyumba ile ambaye mkono wake uligusa swichi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu siku ile na sinia ya chai, akizungumza lugha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza kila mtu isipokuwa yeye. Miaka yote ya kufundisha sikuwahi kulitenda kosa hilo darasani.

Kazi ilikuja kwanza. Nilikata umeme, nikafunga vali zote mbili, nikafungua skrubu ya katikati ya kichwa cha pampu na kujaribu kuizungusha shafti kwa bisibisi bapa. Haikusogea. Nikafungua boliti nne na kuvuta kichwa chote. Rota ilitoka imevaa koti jeusi: kutu laini ya ndani ya mabomba, ambayo sumaku yenye nguvu ya pampu hizi huivuta kama inavyovuta misumari, na ambayo kwa miezi saba ya utulivu ilikuwa imeshikana ikawa kama lami. Niliipangusa kwa kitambaa na mswaki wa meno alionipa Kezia, nikaosha chujio, nikabadilisha gasketi, nikarudisha. Nikafungua vali polepole, nikatoa hewa, nikawasha. Taa ikawa kijani. Niliweka bisibisi sikioni, kisha nikampa Msimamizi mpini.

Alisikiliza. "Haisemi kitu," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Sakafu ya zege haipashiki kwa dakika. Tulimwacha mgeni wetu kwenye kiti cha nyuma, tukarudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Mama Kabira alikuwa amevua soksi. Alisema maneno machache kwa Kezia, huyu akatugeukia.

"Anasema leo kuna joto na mbuzi hayuko. Anauliza mliwezaje kuleta vyote viwili."

Siku hiyohiyo, kabla ya kuondoka, nilimchukua Kezia hadi kwenye ubao wa umeme. Ilichukua dakika kumi. Nilimwonyesha swichi ya pampu, nikaizungushia utepe mwekundu, nikamwambia hii hata jua liwake vipi haishushwi, kwa sababu pampu lazima izunguke kidogo ili isigande. Nikamwonyesha taa: kijani, sawa, nyekundu, piga simu. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi afungue kabati, atazame taa, ashike bomba.

"Kumjulia hali," akasema.

"Kumjulia hali."

"Ungeniambia hivyo mwezi wa pili, Mwalimu, hamngekuja na huyo jamaa niliyemwona garini amefungwa mkanda."

Ripoti niliiandika jioni ile kambini. Kwenye nafasi ya chanzo cha hitilafu niliandika kwamba mfungaji hakumwelekeza mtumiaji wa swichi, na kwamba mfungaji ni mimi. Mhandisi Mkuu aliisoma hadi nukta ya mwisho, kama desturi yake.

"Hukulazimika kuandika hivi," akasema. "Maelekezo yalikuwapo ukutani. Nimeyaona."

"Yalikuwapo, Mhandisi. Hayakuwa yake."

"Pampu ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Nilisema sakafu ikiwa baridi."

"Ilikuwa baridi," nikakubali.

Alifungua droo akatoa fomu mbili: moja ya barua ya onyo, nyingine ya mkataba. Akazijaza zote mbili kwa kalamu ileile, bila haraka.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani, na vijana wa ufundi hunijia kuuliza pampu gani ni bora. Huwajibu kwa uhakika, kwani haya nayajua. Usihesabu ghorofa, hesabu joto, wingi wa maji na ukinzani. Usiongeze ukubwa kwa ajili ya kutuliza moyo wako, kwa sababu atakayeisikia filimbi ni mwenye kitanda. Laza shafti. Weka vali pande mbili. Safisha mabomba kabla ya kufunga, na chujio kila mwaka. Pampu isinyimwe umeme msimu mzima. Kisha, kabla hujafunga begi la vifaa, uliza ni nani hasa huzima na kuwasha katika nyumba hiyo, uzungumze naye mwenyewe, kwa lugha yake, ukisimama mbele ya swichi.

Barua ya onyo ilibaki kwenye faili langu hadi nilipostaafu. Mkataba uliongezwa kwa mwaka mmoja badala ya miwili ya kawaida, na mwaka uliofuata kwa miwili. Msimamizi wa Zamu aliacha kufunga pampu kubwa kwenye sakafu za joto, ingawa hakuwahi kunikubalia kuhusu baiskeli. Kezia alikaa katika nyumba ile hadi Mama Kabira alipofariki, na pampu ile ndogo haikubadilishwa.